Amri Iliyoitwa Nenda

Siku ya kuniaga mlinipa sufuria kubwa na saa ya ukutani, kisha mmoja wenu akasimama akasema Madam Syombua asiende hivi hivi, kwanza atuandikie alivyofanya kazi miaka yote ile. Sasa saa iko ukutani, sufuria iko motoni inachemsha muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na mimi sina kisingizio. Vyeo nitavipita. Viko kwenye faili langu, na faili lenyewe ni nene kuliko linavyostahili. Nitawaandikia habari za siku za kwanza, za mtu aliyenifundisha, na za kosa moja ambalo wengi wenu hamjalisikia kwa sababu ni mimi niliyelifanya.

Nilianzia Makueni, kwenye ofisi ya maji, nikiwa mpiga taipu. Taipu niliyopewa siku ya kwanza ilikuwa imevunjika herufi ya M, na Ukambani bila M huandiki kitu. Kuna Makueni yenyewe, kuna Mbooni, kuna Makindu, na nusu ya watu wanaoomba maji wanaitwa Mutua au Musyoka. Nilipiga barua tano nikiacha nafasi, halafu nikazijaza M zote kwa kalamu, moja baada ya nyingine, mpaka saa kumi jioni. Mkubwa wangu wa wakati huo, Mama Kalekye, alizitazama akacheka hadi akavua miwani. Kesho yake taipu ikapelekwa kwa fundi. Nilikaa Makueni miaka kumi na kitu, nikajua majina ya visima vingi kabla sijaviona.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nikahamishiwa Kitui, na haikupita muda kompyuta ikaja. Haikuwa kama hizi zenu za kubofya picha. Lilikuwa sanduku moja lenye kimo cha mbuzi, likawekwa kwenye chumba pekee kilichokuwa na feni, na kutoka kwake nyaya zikaenda kwenye skrini nne, kila moja na kibodi yake. Sanduku moja, watu wanne, wote wakifanya kazi kwa wakati mmoja. Nilipoketi mara ya kwanza niliona skrini nyeusi na alama moja tu ya kijani, alama ya dola. Nikangoja. Mashine nayo ikangoja. Karani wa stoo alipita nyuma yangu akasema hii imetoka ng'ambo juzi tu na tayari inaomba dola.

Aliyetutoa ushamba alikuwa Bwana Jaswant, fundi wa mitambo, Sikh aliyezaliwa Makindu na ambaye Kikamba chake kilikuwa bora kuliko cha baadhi yetu. Alikuja kila wiki mbili na sanduku la bisibisi, na kabla ya kugusa mashine alipitia jikoni kusalimia. Alianza na ile dola. Alisema nyuma yake kuna programu inayoitwa shell, na kazi yake ni kusikiliza unachoandika na kumtuma mtu akifanye.

"Shell yenyewe haifanyi kazi," alisema. "Ni kama mkubwa wa ofisi." Alikuwa amegeuka kwanza kuangalia kama mkubwa yuko mlangoni.

Ukiandika amri, alieleza, shell inazaa nakala yake. Nakala hiyo inageuka kuwa ile kazi uliyoitaka, inaifanya, inakufa. Ikifa inamwachia mama yake namba moja ya ripoti: sifuri maana yake mambo yalikwenda sawa, namba nyingine yoyote maana yake kuna shida. Muda huo wote shell mama imekaa inangoja, na mtoto akishakufa ndipo ile dola inarudi kwenye skrini. Mama na mtoto ni maneno yake Jaswant, nasi tukayazoea.

Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimedhani kompyuta ni taipu yenye kiburi, kumbe ndani yake kuna ukoo mzima. Jaswant alinionyesha amri ya ps, inayoorodhesha wote walio hai, kila mmoja na namba yake na namba ya mama yake. Alinionyesha pia kwamba ukiandika sh unapata shell mpya ndani ya shell uliyonayo, na skrini haikuonyeshi tofauti yoyote. Ukiandika exit, ile ya ndani inakufa, unarudi kwa mama. Siku moja niliingia shell ndani ya shell mara kumi na moja kwa kucheza tu, kisha nikaanza kutoka nikihesabu kwa vidole. Vidole viliisha kabla ya shell kuisha, nikaongeza exit moja ya ziada, mashine ikanitoa nje kabisa.

Kisha akanipa lile somo lililo muhimu kuliko yote. Mtoto anapozaliwa hupewa nakala ya kila kitu ambacho mama anacho: majina aliyoyaweka, mipangilio yake, na mahali alipo. Mahali ni zile sehemu faili zinapokaa, sisi tuliziita vyumba. Lakini ni nakala tu. Mtoto akihamia chumba kingine, mama yuko palepale. Mtoto akibadilisha mojawapo ya majina hayo, mama bado ana lile la zamani. Jaswant aliniuliza maswali matatu juu ya hilo nikayajibu yote, nikaliandika kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili.

Si kila somo lilikwenda vizuri hivyo. Kuna wakati printa ilikwama, na ps ikaonyesha watoto waliokwisha kufa lakini bado wako kwenye orodha, kwa sababu mama yao hajapokea ripoti. Jaswant alieleza kwa sauti yake kubwa kwamba hawa wamekufa ila mama hajaambiwa, tena huwezi kuwaua kwa sababu tayari ni maiti, kwa hivyo dawa ni kumuua mama. Mama Ndinda wa chai alikuwa amesimama mlangoni na trei. Aliiweka chini polepole akaondoka, na wiki mbili zilizofuata chai yetu iliishia koridoni. Jaswant alimfuata jikoni kumweleza vizuri kwa Kikamba. Nafikiri alizidi kuharibu, maana wiki ya tatu hata koridoni chai haikufika.

Sasa niwaeleze lile kosa. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa, na lori la kuchimba visima lilikuwa linatarajiwa kwetu. Tulitakiwa kuwa na orodha ya kila kijiji kilichoomba kisima: udongo wake, kina cha maji, nyumba ngapi zitakunywa hapo. Aliyeiingiza orodha hiyo kwenye mashine alikuwa Mwikali, msichana kutoka Mbooni, aliyemaliza kidato cha nne na mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Alikuwa ameajiriwa kwa miezi sita ya majaribio. Akifanya vizuri angebaki, asipofanya vizuri angerudi nyumbani, na nyumbani kwao yeye ndiye wa kwanza kuvaa viatu vya ofisi. Kwa miezi mitatu aliingiza fomu moja baada ya nyingine kwenye chumba tulichokiita maeneo.

Pembeni kulikuwa na chumba kingine, rasimu, cha makaratasi ya kujaribia. Mashine yetu ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hivyo rasimu ilitakiwa kufagiwa kila Ijumaa. Njia ya kufika huko kutoka maeneo ilikuwa ndefu kuandika, na watu walilalamika. Mimi nikajifanya fundi, nikatunga amri fupi nikaiita nenda. Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulihamia rasimu, wa pili uliandika kwenye skrini: Sasa uko kwenye rasimu.

Kwangu niliiweka ndani ya faili ambalo shell yangu hulisoma kila ninapoingia, hivyo ikawa sehemu ya shell yenyewe. Nikiandika nenda, ni mama mwenyewe aliyehama. Ilifanya kazi vizuri mno, nikatembea siku nzima nimeinua kichwa. Wenzangu wakaitaka. Nikanakili mistari ileile miwili kwenye faili la pekee, nikaliweka mahali ambapo wote wanaweza kulitumia kama amri, kisha nikabandika kadi juu ya kila skrini: andika nenda, halafu andika rm *. Hiyo ya pili hufuta kila kitu kilicho kwenye chumba ulichomo, na haikuulizi mara mbili. Sikuijaribu kwenye kiti cha mtu mwingine. Nilijiambia ni mistari ileile, nijaribu nini.

Ijumaa hiyo Mwikali ndiye aliyekuwa wa kwanza kufagia. Aliandika nenda, akaandika rm *, na orodha yote ya maeneo ikatoweka.

Mkubwa wetu wakati huo alikuwa Mhandisi Nthiwa, mtu wa haki lakini mzito, asiyegusa kibodi. Alituita sote ofisini kwake. Mwikali alisimama amekumbatia sweta yake, akasema kitu kimoja tu.

"Madam, niliandika nenda. Ikaniambia sasa uko kwenye rasimu. Niliona na macho yangu."

Wote wakanigeukia, kwa maana mimi ndiye niliyeijua mashine. Na mimi, bila hata kufikiri, nikajibu kwa sauti ya upole, kama mtu anayemfanyia mwenzake hisani.

"Umesahau kuandika nenda, Mwikali. Mtu akiwa na haraka husahau."

Alitazama vidole vyake. Nthiwa alimwambia majaribio yake yameishia hapo, na kabla ya saa kumi alikuwa ameondoka na mkoba wake. Askari wa langoni alituambia baadaye kwamba hakulia mpaka alipofika barabarani.

Tepu ya akiba ilikuwa na kazi ya mwezi mmoja tu wa kwanza. Zilizobaki zilikuwa fomu kwenye maboksi, tukaanza kuziingiza upya mimi na karani wa stoo. Jumanne nilikaa kwenye kiti cha Mwikali kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na maboksi, nikaingia kwa jina lake ili niendelee palepale alipoachia. Kufika saa sita mashine ikaanza kulalamika kwamba nafasi imekwisha. Nikasema nifagie rasimu mwenyewe. Nikaandika nenda, na skrini ikajibu: Sasa uko kwenye rasimu.

Nashukuru tabia yangu ya kupenda kuangalia kitu kabla ya kukitupa. Badala ya kufuta, niliandika ls ili nione kuna nini humo. Yakatoka maeneo. Yakatoka majina ya vijiji nilivyoingiza asubuhi ileile, Tulia kikiwa cha mwisho. Nikaandika nenda tena, ikaniambia tena niko kwenye rasimu. Nikaiuliza mashine yenyewe niko wapi, kwa amri ya pwd, ikasema niko kwenye maeneo. Nilihisi baridi mgongoni, Kitui, saa sita mchana, mwaka wa ukame.

Nadhani mmeshaona. Kwenye kiti cha Mwikali, nenda haikuwa sehemu ya shell yake. Ilikuwa faili la pekee, na faili la pekee huendeshwa na mtoto. Shell yake ilizaa mtoto, mtoto akahamia rasimu kweli, akatangaza kwenye skrini kwamba yuko rasimu, akafa na kurudisha sifuri. Mama hakusogea hata hatua moja. Na ile dola ilikuwa dola tu, haikusema uko chumba gani. Lilikuwa lilelile somo nililolipigia mstari mara mbili.

Niwaambie ukweli, nilifikiria kunyamaza. Ningeweza kulifuta lile faili kwa amri moja na kuzing'oa zile kadi. Ni watu wawili tu katika mkoa wote waliojua shell ya ndani ni nini, na mmoja, Jaswant, alikuwa kwao Makindu. Nilikaa hapo nikinywa chai baridi, nikijisikia tena nikimjibu Mwikali kwa sauti yangu ya upole. Ile sauti ndiyo iliyonichoma kuliko kosa lenyewe.

Nikampigia Jaswant simu. Alicheka kwanza, kwa muda mrefu, na simu ya mbali siku hizo ilikuwa ghali mno kuchekea. Kisha akaacha.

"Mtoto alisema ukweli, Syombua," akaniambia. "Alikuwa rasimu. Ni wewe hukuuliza mama yuko wapi."

Papo hapo akanipa dawa. Ukiweka amri zako ndani ya mabano, shell inazaa makusudi shell ya ndani na kumwachia zote. Kwa hivyo kuhama na kufuta viwekwe pamoja ndani ya mabano, na katikati ziwekwe zile alama mbili, &&, za kusema kama kuhama kumeshindikana usifute. Mtoto aende mwenyewe, afagie mwenyewe, afie hukohuko, na mama asiguswe. Tabia ileile iliyotuangusha ndiyo inayotulinda. Amri hiyo mnaitumia hadi leo, na sasa mnajua ilitoka wapi.

Baadaye nikaenda kwa Nthiwa. Kumweleza mtu asiyegusa kibodi habari za shell si mchezo, na nilikuwa nimejiandaa na daftari. Nililiacha mapajani. Ofisi yetu ilikuwa na redio ya kuongea na magari yaliyo nje, iko kwenye kona ya meza yake.

"Bwana Nthiwa," nikasema, "tuseme umeniambia unataka kwenda Tulia. Badala ya kukupeleka, mimi namtuma dereva. Dereva anafika, anasema kwa redio, 'Tumefika Tulia.' Amedanganya?"

"Hajadanganya."

"Na wewe uko wapi?"

"Si niko hapa kwa meza yangu."

"Na uwe na kadi imeandikwa, ukisikia tumefika Tulia, choma karatasi zote ziko mbele yako."

Akatazama karatasi zake. Zilikuwa nyingi. Akaweka mkono juu yake.

"Hiyo redio ndiyo Mwikali alisikia," nikasema. "Na hiyo kadi ni mimi niliandika."

Nthiwa aliniuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikamwambia hakuna, ila Jaswant. Akasema basi ningeweza kunyamaza, nikakubali kwamba ningeweza. Akanikumbusha, kana kwamba nilihitaji kukumbushwa, kwamba ni mimi niliyesema msichana amesahau. Aliagiza niandike yote kwenye karatasi iingie kwenye faili langu, ndiyo sababu moja ya unene wake. Kuhusu Mwikali, alisema kiti chake kipo, lakini hatamtumia barua. Aliyesema amesahau ndiye aende akaseme hakusahau.

Orodha yenyewe msiihofie. Tuliimaliza siku mbili kabla ya lori kuwasili.

Jumamosi nikapanda basi hadi Machakos, nikabadilisha gari hadi Mbooni, na kutoka stendi nikateremka na kupanda njia za milimani kwa viatu vya ofisi, jambo ambalo magoti yangu bado hayajanisamehe. Nilimkuta Mwikali kwenye ua wao, ameketi juu ya gunia na mama yake, wanaambua maharagwe. Mama alinisalimu kwa adabu, akanipa kiti na kikombe cha chai, na hakuniuliza habari za safari. Nilijua anajua mimi ni nani.

Sikutaja mama wala mtoto wa mashine. Nilisema amri ilikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, nimelieleza ofisini, na kiti chake kinamngoja. Mwikali aliendelea kuambua ganda lililokuwa mkononi mpaka likaisha.

"Kwa hivyo iliandika kweli?" akauliza. "Sasa uko kwenye rasimu?"

"Iliandika. Nimeiona na macho yangu, kwa skrini yako."

"Kwa sababu mimi nilikuwa nimeanza kuona labda sikuandika nenda." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila siku nafunga macho nijaribu kukumbuka vidole vyangu. Nikashindwa. Juzi nikamwambia mwaitu hapa, labda ni kweli nilisahau." Akamwonyesha mama yake kwa kidevu.

Hapo nikaelewa nilichokuwa nimemfanyia. Kazi ningeweza kumrudishia kwa siku moja. Lakini nilikuwa nimechukua macho yake mwenyewe nikamwambia hayaoni, na akaniamini, kwa sababu nilikuwa mkubwa na nilisema kwa upole. Machozi yalinitoka mbele ya watu nisiowajua, na sikuyaficha. Nikamwambia hakusahau. Aliandika nenda, akasoma vizuri, akafuata kadi yangu neno kwa neno. Hakusahau chochote.

Mama yake alikuwa ameacha maharagwe. Alinitazama, akatazama nyumba, kisha akatazama ua wa pili ambako mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo zilezile kwa mara ya pili.

"Sema tena," akaniambia taratibu, "lakini kwa nguvu kidogo. Baba yake hasikii vizuri. Na yule jirani anasikia vizuri sana."

Nikaweka kikombe chini, nikasimama katikati ya ua, nikalisema tena kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde: Mwikali hakusahau, ni mimi niliyekosea. Nilipogeuka, nafasi ya Mwikali kwenye gunia ilikuwa tupu, na ndani ya nyumba Mwikali alikuwa anauliza nani amehamisha viatu vyake vya ofisi.